Gurudumu Lisilopumzika

Cali, 9 Februari 1986

Dada Custodia,

Nakuamkia kutoka kwenye tanuri hili wanaloliita mji. Najua huko umejifunika ruana ya Baba, lile joho la sufi, mikono imejaa grisi, pua nyekundu kwa baridi. Huku mimi nalala na shuka moja tena nalipiga teke. Bi Nubia, mwenye nyumba wangu, anakusalimia. Anasema mdogo wako ni mpangaji mwema, ila anakula kama padri. Kazini wamenitoa kwenye kusambaza nyaraka kwa baiskeli, wamenipa meza. Siku hizi nakaa, nagonga mihuri, na watu wananiita "don Misael". Ungecheka mpaka ukohoe.

Sasa nije kwenye shida yangu. Unalikumbuka gurudumu langu la nyuma, lile la enzi za mbio? Ninalo bado, limening'inia ukutani. Nataka kuling'oa friwili, ile gia inayolia kikiki ukiacha kukanyaga, niweke gia isiyopumzika, kama ya baiskeli za uwanjani: gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka, upende usipende. Hapa uwanja wa mbio upo, na Jumamosi wanawaruhusu wakongwe. Mafundi wa hapa wananiambia ninunue gurudumu jipya. Nikawaambia dada yangu angewafukuza kwa spana.

Niandikie namna ya kufanya. Nifundishe kama unavyomfundisha mjinga.

Mdogo wako,
Misael


Duitama, 2 Machi 1986

Misa,

Barua imefika imekunjamana kama imetembea kwa miguu kutoka huko. Sisi tupo. Jalidi ya juzi imeunguza viazi vya watu wote wa bondeni, sasa kila mteja anayeingia karakana anaanza kwa kulia viazi kabla ya kusema baiskeli ina nini. Jogoo amekufa. Kuku hawajavaa nyeusi.

Yuko bwana mmoja anaitwa Arquímedes, mjane, anauza jibini kutoka Paipa. Kila Alhamisi analeta baiskeli ileile. "Inalia wapi?" namuuliza. "Leo hailii, bibie, ila jana ililia sana." Nakaza nati ambayo haikulegea, ananiachia kipande cha jibini, anaondoka. Simwelewi.

Haya, sikiliza. Friwili usiipige nyundo. Pachika ufunguo wake, ubane ufunguo kwenye jiriwa, kisha shika gurudumu zima kwa mikono miwili ulizungushe kushoto kama usukani wa lori. Itagoma, halafu itaachia ghafla, kwa hiyo angalia meno yako. Safisha nyuzi, paka grisi, funga gia niliyokutumia. Juu yake funga ile pete ya chuma inayokazia kikombe cha ekseli ya pedali. Pete hiyo inaingia kwenye nyuzi zilezile, Baba ndiye aliyenionyesha. Sasa hamisha washa za ekseli kutoka kulia kwenda kushoto mpaka cheni inyooke. Ukifika hapo utaona rimu imekwenda upande. Legeza spoki za kulia, kaza za kushoto, kidogokidogo, usiwe na pupa yako ile. Mwisho tafuta mlima ukanyage kama unafukuzwa na fahali, gia ijikaze yenyewe.

Breki ya mbele usiitoe. Narudia: usiitoe. Gia hiyo ukiizuia kwa miguu unaifungua, na pete peke yake si malaika.

Mzigo nimempa dereva wa basi la usiku. Lakini niambie, mtu wa miaka thelathini na nane anakwenda kufanya nini uwanjani na watoto wenye mapaja kama magogo? Na kwa nini wamekupa meza? Wewe uliyesema ukikaa kwenye kiti zaidi ya misa moja unaota ukungu?

Dada yako,
Custodia


Cali, 20 Aprili 1986

Dada Custodia,

Nisamehe kwa kuchelewa. Pasaka hapa ilikuwa na mvua, na Bi Nubia alipika wali wa nazi akanilazimisha kula mpaka nikaomba huruma. Mzigo ulifika salama, na jibini uliyoificha chini ya gia pia, ingawa gia sasa inanukia Paipa.

Nimefanya kama ulivyosema, ila si mara moja. Mara ya kwanza sikupata mlima wa kutosha, nikajaribu kuisimamisha baiskeli kwa miguu, gia ikafunguka na pete yake, nikaishia kwenye meza ya mwanamke anayeuza mapapai. Kanitukana kwa ufasaha mpaka watu wakapiga makofi. Breki ilikuwepo, usianze. Nilisahau tu kuishika.

Sasa imekaa. Dada, sijui nikuelezee vipi. Gurudumu hili halikusikilizi. Mguu ukitaka kusinzia, pedali inakuja chini yake, inauinua na kuupeleka. Hata usipokanyaga unakanyagishwa. Nazunguka asubuhi kwenye uwanja wa nyuma ya soko kabla magari hayajaja, na kwa muda ule najiona nimerudi kuwa yule kijana wa zamani, napanda mlima wa Alto del Sote na wewe uko ukingoni na chupa ya sukari guru, unapiga kelele "Kanyaga, mvivu wewe!"

Nina ombi dogo. Nitumie kamba ya ngozi ya kufungia mguu kwenye pedali. Ya kushoto.

Kuhusu Bwana Jibini: dada, hata mimi niliye mbali hivi nimeelewa. Baiskeli haina ugonjwa.

Misael


Duitama, 4 Mei 1986

Misa,

Keti kwanza kwenye hiyo meza yako.

Alhamisi Arquímedes alikuja bila baiskeli. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, suti nyeusi ya mazishi ya mkewe, maana hana nyingine. Nikamwambia, "Leo inalia wapi?" Akajishika kifuani, akaona aibu, akashusha mkono. Akasema, "Bibie Custodia, mimi nina nyumba, nina ng'ombe kadhaa, nakoroma. Nimeona nikwambie yote mapema." Nikamwambia nina miaka arobaini na saba na sijui kupika kitu zaidi ya supu. Akasema, "Supu inatosha."

Basi. Ni Jumamosi ya katikati ya Agosti. Mimi, Custodia, nitavaa gauni. Wateja wameanza kuniita bi harusi, na nimeshamrushia mmoja tairi. Baba hayupo, kwa hiyo wewe ndiye utakayeniingiza kanisani. Usiniambie kuhusu kazi, mihuri itakungoja.

Kamba nimekutumia mbili. Mtu ana miguu miwili.

Custodia


Cali, 29 Juni 1986

Dada yangu bi harusi,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, Bi Nubia akalia ndani ya aproni yake ingawa hakujui. Nami nilifurahi kuliko siku niliyoshinda hatua ya mbio ya Sogamoso. Nikashindwa kuandika mara moja, na sasa kalamu hii nayo ni mbovu, unaona mwandiko ulivyo. Nitanunua nyingine.

Nitakuja. Nitakuingiza kanisani, nitakukabidhi kwa mtu wa jibini, na nitakunywa pombe ya guarapo mpaka asubuhi. Mwambie kukoroma si kosa. Baba alikoroma na tukakua.

Baiskeli inaendelea. Kila asubuhi nafanya mizunguko yangu. Bi Nubia anashika tandiko nikipanda, kisha anaachia na kufanya ishara ya msalaba, na mimi naenda. Nikishaanza, hakuna neno, gurudumu linanifanyia kazi yote. Watu wa soko wananiita "mbwa wa saa sita", maana nazunguka kama mbwa anayetafuta kivuli adhuhuri, bila kufika popote.

Dada, nina neno moja la maana. Safari hii usikubali kitu chochote kikuzuie. Wala mtu yeyote. Miaka ile yote ya Baba kitandani, wewe ukimlisha na kumgeuza, na Leovigildo, aliyetaka kukuoa, akingoja mpaka akachoka akaenda zake Venezuela: watu wamesahau, mimi sijasahau. Umekwisha kushika zamu yako katika ukoo huu. Likitokea lolote, la mtu yeyote, lipite pembeni. Niahidi.

Misael


Duitama, 10 Julai 1986

Misa,

Sote wazima. Mahindi yamepanda juu ya uzio. Arquímedes amenunua suti ya kijivu, anaonekana kama katibu wa baraza, namwambia avue nimzoee polepole.

Juzi nilikuwa napanga masanduku ya Baba nyuma ya karakana ili kupata nafasi. Nikavikuta viatu vyake vya kahawia. Sijui kama unakumbuka, wewe ulikuwa kwenye timu, unalala hoteli hii na ile. Baba alianza na kiatu. Alisema cha kushoto kinamkwaza. Akakipeleka kwa fundi, kikarudi, akakipeleka tena. Fundi akamwambia, "Don Abdón, kiatu hiki hakina kosa." Baba akamkasirikia, hakumsalimia tena mpaka mwisho. Baadaye ikaja kalamu. Kila kalamu ndani ya nyumba ilikuwa mbovu.

Sikuulizi kitu. Nakueleza tu nilichokuta.

Nimezungumza na padri. Hatutapita mlango mkubwa, ule wenye ngazi. Tutapita wa pembeni, unaotazama bustani, pale ni sawa na ardhi, na mpaka altareni ni karibu. Nimemwambia ni kwa sababu ya gauni, kwamba nitajikwaa. Akasema, "Custodia, wewe unapanda juu ya paa kuziba mabati." Nikamwambia siku hiyo sipandi.

Usije na basi la usiku. Njoo kwa ndege mpaka Bogotá, Arquímedes atakungoja na gari la jibini. Ameng'ang'ania mwenyewe.

Kuhusu ahadi unayoitaka, mimi siahidi kitu kwa barua.

Custodia


Cali, 14 Septemba 1986

Dada Custodia,

Anayeandika ni Nubia, mimi nasema. Anakusalimia kwanza, anasema ile picha ya harusi ameiweka karibu na Bikira, na kwamba umependeza ingawa umekunja uso. Haya, Bi Nubia, sasa andika ninavyosema, usirembe.

Ulijua. Nilijua kwamba unajua tangu nilipousoma ule mlango wa pembeni. Na bado tulikaa siku nne nyumba moja, tukala, tukacheka, ukanikatia nyama kwenye sahani bila kunitazama, na hakuna aliyesema. Ulinishika mkono pale bustanini, ukanibana ubavuni mwako, na tukaingia. Nyuma yetu nilimsikia mama mmoja akisema, "Tazameni Custodia anavyotetemeka, maskini, amesubiri sana." Si wewe uliyekuwa ukitetemeka. Ulinibeba mpaka altareni ndani ya gauni jeupe, na watu wakadhani nakupeleka.

Daktari ameniambia. Hakuhitaji kusema mengi. Nilipomweleza habari za Baba, aliacha kuandika akaweka kalamu chini. Ni ugonjwa uleule. Umenijia mapema tu. Kazini nilipewa meza kwa sababu nilianguka na nyaraka mara kadhaa. Uwanja wa mbio sijawahi kuukanyaga, nilikudanganya. Nilitaka lile gurudumu kwa sababu nilifikiri mguu ukikatazwa kulala hautalala. Ulipoandika habari ya harusi, nikataka mguu huo unifikishe Agosti. Na umenifikisha, basi nashukuru.

Sasa sipandi tena. Baiskeli iko barazani, Bi Nubia kamwomba mchomeleaji atengeneze stendi inayoinua gurudumu la nyuma. Ananiketisha juu, ananifunga kwa zile kamba zako mbili, kisha anakaa nyuma kwenye kigoda analizungusha gurudumu kwa mkono, na miguu yangu inafuata. Anazungusha huku akisali rozari yake. Dada, naitazama miguu yangu ikienda na naifahamu kama miguu ya mtu niliyewahi kushindana naye.

Nakuomba usije. Hili ndilo ninalotaka kukwambia, mengine ni maelezo. Una mume wa mwezi mmoja. Leovigildo alikungoja ukimfuta Baba mate, akachoka, na sitaki huyu naye achoke kwa ajili yangu. Yako makao ya masista hapa San Fernando, wana bustani, wanapokea watu kama mimi. Nimeshakwenda kuona. Harufu yake si mbaya.

Usije, dada. Niandikie tu.

Misael

Mimi Nubia naongeza bila yeye kujua: anakula kidogo. Kucheka bado anacheka.


Duitama, 28 Septemba 1986

Misa,

Salamu utazipata za uso kwa uso. Leo sina subira nazo.

Leovigildo hakuchoka. Mimi ndiye niliyemfukuza. Hujawahi kusikia kwa sababu sikumwambia mtu, na watu walipoanza kunionea huruma niliwaacha, huruma yao ilikuwa inanipa wateja. Baba alikuwa bado anakaa kwenye kiti, hajafika kitandani. Leovigildo alikuja kula, nikamwekea supu. Akala nusu, akaegemea nyuma, akauliza, "Hivi mzee atamaliza lini?" Hivyo tu, kama mtu anayeuliza basi linapita saa ngapi. Na Baba yuko chumba cha pili, mlango wazi, masikio yake ndiyo yaliyobaki mazima. Nilichukua kofia ya Leovigildo nikaitupa barabarani, lori la saruji likapita juu yake. Akaifuata. Sikumwita.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba nilimpoteza mtu kwa ajili ya Baba. Najua utafikiri nimelitunga hili ili unikubalie. Fikiri unavyotaka. Muulize aliyekuwa dereva wa lori.

Sitakwambia utapona. Nilikuwa namwambia Baba hivyo kila asubuhi nikimnyoa, naye ananitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Wewe sitakufanyia hivyo. Nikichoka nitasema nimechoka, nawe ukitaka kutukana utatukana. Nilikulea tangu Mama alipofariki, nimeshakuona vibaya zaidi ya hivi, ulikuwa na surua na meno hayapo.

Makao ya masista nina hakika ni mazuri. Waachie watu wasio na dada.

Barua yako ilipofika, Arquímedes alikuwa akikamua. Niliogopa, Misa, nikwambie kweli. Sijui niliogopa nini. Nilikwenda zizini nikasimama na karatasi mkononi, nikamsomea yote, na ya Nubia pia. Hakuacha kukamua. Nikamaliza, akaendelea, mpaka nikataka kumpiga ndoo. Halafu akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Chumba cha mbele kina jua la asubuhi. Lakini kitanda tukiweke wapi? Analala upande gani, wa dirisha au wa ukuta?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sijui. Ulipokuwa mtoto ulilala ukutani, ukiogopa mbwa wa jirani. Sasa wewe ni mtu mzima wa miaka mingi mbali nami, na sijui unalala upande gani. Nikalia pale, mbele ya ng'ombe, yeye akabaki na ndoo asijue aiweke wapi.

Tunakuja Jumanne na gari la jibini; barua hii nampa dereva wa basi la usiku ikutangulie. Ni mwendo mrefu, na mlima wa La Línea una ukungu, lakini amelala mapema siku mbili hizi ili aweze kuendesha. Baiskeli tunaichukua na stendi yake. Nubia amwambie mchomeleaji asiikate. Mimi nitalizungusha, ingawa rozari siijui yote.

Ukiwa hujakubali mpaka tufike, tutakaa barazani mpaka ukubali, na Arquímedes anakoroma hata akiwa amekaa.

Mwambie Nubia anipigie simu dukani kwa don Eudoro kabla hatujaondoka, neno moja tu linatosha, kitanda tumeshakiingiza na kimesimama katikati ya chumba.

Dirishani au ukutani, Misa?

Dada yako,
Custodia